Mateka katika Hariri: Tafakuri juu ya Sura za Watu katika Vitambaa vya Uajemi

Huenda msomaji wa jarida hili akajiuliza mwalimu wa fasihi ya Kiswahili anatafuta nini katika hariri za Uajemi. Swali hilo nimeulizwa mara nyingi na wenzangu, wengine kwa upole, wengine kwa kejeli, na kwa muda mrefu nililijibu kwa hoja ya kiisimu. Neno nakshi, ambalo sisi hulitumia kwa mlango wa Lamu na pia kwa lugha ya mshairi, linatokana na lile lile naqsh ambalo kwa wafumi wa Uajemi lilikuwa ruwaza ya kitambaa. Zari ina dhahabu ya Kiajemi ndani yake, na darizi limetokana na jina la fundi wa kushona. Nasi wahakiki, tunapozungumzia msuko wa riwaya, tunazungumza kama wasusi; tunapozungumzia mfumo wa kazi ya sanaa, tunazungumza kama wafumi, ingawa wengi wetu hatujawahi kukaa mbele ya kitanda cha mfumi. Hata istilahi ambayo Wazungu hutumia kwa matini imetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufuma.

Jibu hilo lilitosha kuwanyamazisha wenzangu. Hata hivyo, sababu yenyewe ni nyingine, nayo inahusu makosa mawili niliyoyafanya darasani kwa zaidi ya miaka kumi, nikiwa na yakini kamili kwamba nilikuwa nikifundisha vyema. Makala haya ni jaribio la kuyaeleza. Sidai kuwa mtaalamu wa vitambaa. Ninachodai ni kwamba baadhi ya vitambaa hivi ni matini za masimulizi, na kwamba anayezisoma matini hizo hujikuta anasomwa nazo.

Nilikutana na hariri hizi nikiwa mwanafunzi wa uzamili, katika maktaba, ndani ya majuzuu makubwa ya A Survey of Persian Art yaliyohaririwa na Arthur Upham Pope pamoja na Phyllis Ackerman na kutolewa mwaka 1938 na 1939. Nilikuwa nikitafuta jambo jingine kabisa, yaani asili ya baadhi ya hadithi za mapenzi zilizoingia katika fasihi za Waislamu wa Bahari ya Hindi. Badala yake nikaiona picha ya nguo ambayo juu yake Majnun, amekonda mifupa, amekaa nyikani akizungukwa na wanyama. Kando ya Majnun huyo alikuwako Majnun mwingine, na chini yao Majnun wengine wawili waliogeukia upande wa pili. Picha haikuwa na rangi. Nilikaa nayo hadi mtunza maktaba alipokuja kuzima taa.

Ili hoja yangu ieleweke, sina budi kusema machache kuhusu jinsi nguo za namna hii zilivyofumwa. Uajemi una historia ndefu ya kufuma sura katika hariri. Katika sanamu za mwambani za Taq-e Bostan, karibu na Kermanshah, zilizochongwa katika zama za Wasasani kabla ya Uislamu, mavazi ya mfalme yamechongwa pamoja na ruwaza zake, na miongoni mwazo yumo simurgh, yule ndege wa ajabu. Lakini nguo zenye masimulizi kamili, zenye mashujaa wa tenzi na mandhari yao, ni kazi ya enzi ya Wasafawi, waliotawala kuanzia mwaka 1501 hadi 1722, hasa katika miaka ya Shah Tahmasp, aliyetawala kuanzia 1524 hadi 1576, na ya Shah Abbas wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1629. Yazd, Kashan na Isfahan ilikuwa miji ya wafumi. Hariri ghafi ilitoka kwa wingi Gilan, kando ya Bahari ya Kaspi, na ilikuwa na thamani kubwa kiasi kwamba mwaka 1619 Shah Abbas aliifanya biashara ya kuiuza nje kuwa haki ya ufalme peke yake.

Kitanda cha kufumia nguo hizi kilihitaji watu wawili. Mfumi alikaa chini akipitisha mshindio. Juu yake alikaa msaidizi, aghalabu kijana, ambaye kazi yake ilikuwa kuvuta kamba zilizoinua nyuzi za mtande kwa mpangilio maalumu. Mpangilio huo haukuwa kichwani mwa yeyote kati yao. Ulikuwa umefungwa ndani ya kamba zenyewe na mtu wa tatu, aliyeitwa naqshband, yaani mfunga nakshi. Yeye ndiye aliyechukua picha na kuigeuza kuwa mafundo. Mafundo yakishafungwa, picha ingeweza kurudiwa kwa dhiraa nyingi kadiri nyuzi zilivyokuwapo, na kijana aliyezivuta kamba aliweza kufuma kisa kizima cha Majnun bila kujua kwamba ni kisa. Kila nikifika hapa darasani husita kidogo. Tumezoea kuzungumzia mtunzi na msomaji. Yule wa kati, anayevuta kamba, nadharia zetu hazina jina lake.

Naqshband mashuhuri kuliko wote ni Ghiyath al-Din Ali wa Yazd, aliyefanya kazi mwishoni mwa karne ya 16 na kufika katika baraza la Shah Abbas. Jina lake limefumwa ndani ya ruwaza za baadhi ya vitambaa vilivyosalia, nalo hurudiwa kila picha inaporudiwa, kana kwamba mshairi ametia jina lake katika kila ubeti badala ya ule wa mwisho. Ulinganisho huu si wangu wa kubuni, kwani Ghiyath alikuwa mshairi pia. Inasimuliwa kwamba siku moja alileta barazani nguo yenye ruwaza ambayo ndani yake alikuwamo dubu. Mmoja wa wakubwa akaitazama, akamsifu sana yule dubu. Ghiyath akajibu papo kwa papo kwa shairi ambalo maana yake ni kwamba bwana yule amemwona dubu kwa sababu kila mtu hutazama sura yake mwenyewe. Kisa hiki nilikuwa nikikisimulia kila mwaka katika mhadhara wa kwanza, na wanafunzi walicheka, nami nilicheka pamoja nao.

Nirudi kwa Majnun. Utenzi wa Nizami wa Ganja kuhusu Layla na Majnun ulikamilika mwaka 1188, na kufikia zama za Wasafawi kisa hicho kilikuwa kimenakiliwa na kupambwa kwa picha mara nyingi katika vitabu. Kitabuni picha huja mahali pake: msomaji amekwisha kupita shule ambako wapenzi walikutana, amekwisha kuona baba wa Layla akikataa posa, ndipo anafika nyikani. Picha ni kituo katika safari. Lessing, katika Laokoon yake ya mwaka 1766, alisema kwamba mchoraji hana zaidi ya dakika moja, kwa hiyo sharti achague dakika iliyobeba mimba ya kilichotangulia na cha kufuata. Mshairi yeye anao mfululizo wa wakati. Wengi wetu tulifundishwa mgawanyo huo na tungali tunaufundisha.

Hariri ya Ghiyath inauvuruga. Dakika ni moja, hilo ni kweli: Majnun amekaa na wanyama wake, Layla anafika juu ya ngamia ndani ya kibanda chake. Lakini dakika hiyo hairuhusiwi kupita. Inarudiwa kulia na kushoto, kisha katika safu inayofuata inageuzwa kama inavyogeuzwa sura katika kioo, Layla akitokea upande wa pili, kisha inarudi ilivyokuwa. Jicho linapotembea juu ya kitambaa linapata mfululizo, naam, lakini mfululizo usio na hatua ya mbele. Layla huwasili, na huwasili, na huwasili. Katika utenzi wa Nizami wapenzi hawa hawaoani kamwe na kifo ndicho kinachowakutanisha. Kitambaani kifo hakifiki, wala ndoa. Niliamini, na ningali naamini, kwamba hii ni tafsiri ya kisa na haipaswi kuitwa pambo. Wazimu wa Majnun ni kulirudia jina moja. Mfumi amegundua kwamba kitanda chake, kwa maumbile yake, kina ugonjwa ule ule.

Ziko pia hariri zenye Khusrau akimchungulia Shirin anapooga, na nyingine zenye mtu anayelirushia joka jiwe, ambaye wataalamu wengi humtaja kuwa ni Iskandar. Katika karne ya 17, chini ya athari ya michoro ya Riza Abbasi, masimulizi hupungua na mahali pake hukaa vijana warembo, mmoja mmoja, wenye chupa na kikombe, hasa juu ya mahameli. Mafundi wa mahameli wa Kisafawi walijua kubadilisha nyuzi za manyoya ya kitambaa katikati ya kazi ili rangi ziwe nyingi kupita kiasi ambacho kitanda kingeruhusu. Ni ufundi wa hali ya juu sana. Mimi binafsi nguo hizo hunichosha mapema.

Wapo waliowahi kuniuliza kama hizi ni kazi za Waislamu kweli, kwa kuwa zina sura za viumbe. Swali ni la haki, hasa kwetu ambao pwani yetu ilichagua majani, maua na maumbo ya kijiometria kwa milango na kuta zake. Jibu fupi ni kwamba mjadala ulikuwapo tangu mwanzo na haukuwa na upande mmoja. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume hakuridhia pazia lenye sura lililotundikwa nyumbani kwa Bi Aisha, na kwamba lilikatwa likafanywa mito ya kuegemea. Wapo wanazuoni walioona humo kwamba sura inayokaliwa si sawa na sura inayotundikwa mbele ya macho. Hariri nayo, kwa wanaume, ina katazo lake. Mabaraza ya wafalme yalipita katikati ya makatazo haya yote kwa mwendo wa kawaida wa mabaraza ya wafalme.

Kitambaa kingine kinachonivutia ni cha kale zaidi. Katika Louvre kimo kipande cha hariri kutoka Khurasan chenye tembo wawili wanaotazamana na msafara wa ngamia pembeni. Maandishi ya Kikufi yaliyofumwa humo yanamwombea heshima na heri kamanda Abu Mansur Bakhtakin, na Mungu amrefushie maisha. Bakhtakin aliuawa mwaka 961. Nguo yake ikasafiri hadi kaskazini mwa Ufaransa, na katika abasia ya Saint-Josse ikatumiwa kufungia mifupa ya mtakatifu wa Kikristo. Watawa hawakuweza kusoma dua ile. Waliona tembo na uzuri, vikawatosha. Katika mhadhara nilizoea kuwaita watawa hao wasomaji wa umbo tupu, na nilisema hivyo kwa dharau kidogo.

Sasa nifike kwenye kosa la kwanza.

Ipo jamii ya hariri za katikati ya karne ya 16 ambazo ruwaza yake ni Mwajemi mwenye silaha akiongoza mateka. Moja imo katika Metropolitan Museum mjini New York. Wataalamu huzihusisha na kampeni ambazo Shah Tahmasp aliendesha dhidi ya Jojia, katika nchi ya Kaukasi, kati ya mwaka 1540 na miaka ya mwanzo ya 1550, kampeni ambazo zilirudi na maelfu ya watu waliotekwa. Mwajemi hutambulikana kwa kilemba kilichozungushiwa kofia yenye kijiti kirefu kilichosimama, alama ya wafuasi wa Wasafawi. Kofia hiyo huwasaidia wataalamu kukadiria umri wa vitambaa, kwa kuwa mtindo wake ulipita kabla ya karne kwisha, kama vile sisi tunavyokadiria umri wa utenzi kwa maneno ambayo hayatumiki tena. Mateka huvaa mavazi ya kwao.

Picha ya hariri mojawapo ya hizo nilikuwa nayo katika mihadhara yangu ya urudiaji na mdundo. Niliipenda kwa sababu ulinganifu wake ni safi kuliko ule wa Majnun. Niliwaonyesha wanafunzi jinsi mstari wa mgongo wa farasi unavyoitikiwa na tawi, jinsi nafasi kati ya watu wawili inavyojazwa na maua, jinsi safu ya pili inavyojibu ya kwanza kama kibwagizo. Nilizungumzia vina. Nilisema kwamba mahali ambapo jicho linatua, baada ya kupita juu ya kichwa cha mpanda farasi, ni kituo cha ubeti. Haya yote yanaweza kutetewa.

Mwaka mmoja, mwanafunzi aliyekaa safu ya mbele, binti mtulivu ambaye hakuwa na desturi ya kuuliza, aliinua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Huyu aliyefungwa ni nani?"

Nilimjibu kwamba ni sehemu ya ruwaza.

"Hilo nimeliona, Mwalimu," akasema. "Nauliza ni nani."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilisimama nikafikiri. Nilichofanya ni kutazama saa, nikasema kwamba swali hilo ni la wanahistoria, nikaendelea na vina. Jioni nilizifungua nukuu zangu. Zilikuwa kurasa nne kuhusu kitambaa kile, zilizokwisha kupitiwa na kupigwa upya taipu mara kadhaa, na katika kurasa zote nne neno mateka lilikuwamo mara moja tu, katika anwani niliyoinakili kutoka kitabuni.

Aibu yangu haikuwa ya kutojua. Mimi ni mtoto wa mjadala ule wa mwaka 1968, ambapo Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ifundishwe kuanzia Afrika. Nilikuwa mdogo mno kushiriki, lakini nilifundishwa na watu walioumbwa na mjadala huo. Riwaya yoyote ukinipa, nitakuuliza nani amenyimwa sauti humo. Nilikuwa nimewauliza hivyo wanafunzi wangu kuhusu kila kitabu kilichokuwa katika silabasi. Kitambaa nilikiruhusu kupita kwa sababu kilikuwa kizuri, na kwa sababu, nadhani, kilikuwa cha watu wa mbali. Nilikuwa nimekisoma kama watawa wa Saint-Josse.

Basi nikaanza upya, safari hii nikianza na aliyefungwa. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba mbinu ile ile ambayo kwa Majnun ilikuwa tafsiri ya mapenzi, hapa inafanya kazi nyingine. Urudiaji hauna maana ya kudumu. Layla asiyeacha kuwasili ni ahadi. Mateka asiyeacha kuongozwa ni jambo jingine kabisa, kwani katika kitambaa hiki hakuna safu ambamo anafika, wala safu ambamo anafunguliwa. Kugeuzwa kwa sura kulia na kushoto, ambako nilikuwa nikikuita kibwagizo, kunamaanisha pia kwamba kila upande utakaotazama yuko mtu anayepelekwa. Nguo ya namna hii ilikusudiwa kuvaliwa. Mtu wa baraza aliyeivaa alitembea akiwa amevishwa ushindi wa bwana wake mara nyingi kwa wakati mmoja, na kila alipoinama, Wajojia waliinama katika mikunjo.

La pili lilikuwa gumu zaidi kwangu, kwa sababu lilinizuia nisifanye kile nilichokuwa tayari kukifanya, yaani kugeuza kitambaa kuwa hukumu. Mateka wa Jojia hawakubaki mahali walipofumwa. Wengi wao na watoto wao, pamoja na Wacherkesi na Waarmenia, waliingizwa katika utumishi wa shah wakaitwa ghulamu. Neno hilo mshairi wetu wa kale alilijua kwa maana ya kijana wa kiume. Kule lilibeba jeshi zima. Allahverdi Khan, mzaliwa wa Jojia aliyepitia njia hiyo, alikuwa gavana wa Fars na kamanda mkuu wa Shah Abbas, na lile daraja la matao 33 mjini Isfahan linabeba jina lake hadi leo. Alifariki mwaka 1613. Mwanawe, Imam Quli Khan, ndiye aliyeongoza jeshi la Waajemi lililowatoa Wareno Hormuz mwaka 1622 kwa msaada wa meli za Waingereza. Sisi ambao Mombasa yetu ilikaliwa na Wareno hao hao, ndani ya Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593, tunakisoma kisa cha Hormuz kama sehemu ya mwanzo wa kuondoka kwao katika bahari hii. Hatukumbuki kwamba kilitendwa na mwana wa ghulamu.

Je, historia hiyo inamfungua yule aliyefungwa katika hariri? Mwenzangu mmoja alinishawishi kwamba ndiyo: kwamba tukijua hatima ya kina Allahverdi tunaweza kuisoma ruwaza kwa kejeli, mateka akiwa ndiye mshindi wa kesho. Nilivutwa na hoja hiyo kwa wiki kadhaa. Nimeiacha. Waliopanda vyeo walikuwa wachache, na wanawake waliotekwa hawakuwa na daraja lililopewa majina yao. Kitambaa kilifumwa katika miaka ambayo hakuna aliyejua habari za kesho. Kumfariji mateka kwa kisa cha mtu mwingine ni namna nyingine ya kutomjibu binti yule.

Kosa la pili nitalieleza kwa kifupi, ingawa lilinigharimu zaidi mbele ya wasomi wenzangu. Katika miaka ya 1920 vitambaa vya hariri vilivyosemekana kuchimbuliwa makaburini karibu na Rayy, jirani ya Tehran, vilianza kuuzwa kwa watoza sanaa. Mwanzoni viliitwa vya Waseljuki, baadaye vya Wabuwaihi, na idadi yake ikaendelea kukua kwa miongo kadhaa. Vilikuwa na ndege, wanyama, watu, na maandishi ya Kikufi, baadhi yake beti kuhusu mauti. Mtu yeyote aliyelelewa katika tenzi zetu za mauaji ya dunia na upweke wa kaburi angesimama mbele ya vitambaa hivyo na kusikia sauti anayoijua. Mimi niliisikia. Niliandika makala fupi nikikilinganisha kimoja cha vitambaa hivyo na mkondo wa Al-Inkishafi, ambamo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutumia uharibifu wa Pate kuionya nafsi yake. Nilizungumzia maiti aliyevishwa shairi. Wasomaji waliniandikia kunipongeza.

Sikujua kwamba uhalali wa hariri hizo ulikuwa umebishaniwa kwa miaka mingi, wala kwamba mwaka 1992 Sheila Blair, Jonathan Bloom na Anne Wardwell walichapisha utafiti uliochunguza mitindo ya maandishi na kupima kaboni iliyomo katika nyuzi. Baadhi ya vipande vilionekana kuwa vya kale kweli. Vingi vilikuwa kazi ya zama zetu. Kile changu kilikuwa miongoni mwa vilivyoanguka. Nilikuwa nimemlilia maiti ambaye hakuwahi kuwapo.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na sikubaliani na wale wanaoona kwamba makala yangu ilikuwa upuuzi mtupu. Yule mghushi, awaye yote, alikuwa msomaji hodari wa wasomaji wake. Alijua kwamba wanunuzi wa hariri ya kale wangetaka picha na neno pamoja, kifo na uzuri pamoja; akafunga mafundo kwa ajili yetu. Kilichoanguka ni tarehe. Pamoja na tarehe, hata hivyo, kilianguka kila nilichosema kuhusu imani za watu wa karne ya 10 na ya 11, na hicho kilikuwa nusu ya makala. Nilimwandikia mhariri wa chapisho lile kuomba nafasi ya kusahihisha. Sikupata jibu, na makala ingali inanukuliwa mara moja moja na wanafunzi ambao sina namna ya kuwafikia.

Bibi yangu, aliyekuwa na kanga nyingi kuliko vitabu vyote nilivyowahi kumwona mtu wa rika lake akimiliki, hakununua kanga bila kusomewa jina lake. Mji na pindo aliviona mwenyewe. Jina alitaka alisikie, mara mbili, kutoka kwa watu wawili tofauti, kwa sababu muuza duka hakuwa wa kuaminiwa. Akishavaa, alijua vyema nani mtaani anasemwa na nguo ile. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo utoto wangu wote.

Yule mwanafunzi aliandika tasnifu yake kuhusu jambo jingine, naye sasa anafundisha. Hakuwahi kulitaja tena swali lake, nami sikuwahi kumwambia lilikonipeleka. Mwaka uliofuata niliionyesha tena picha ile ya hariri, safari hii ikiwa na rangi, bila kueleza lolote. Darasa lilinyamaza muda mrefu, wakidhani nimepoteza nukuu zangu. Kisha kijana mmoja wa nyuma akauliza kwa nini hawa wawili hawavai kofia za namna moja, tukaanzia hapo.